Kuishi Dubai kwa mshahara mdogo na bado kuweka akiba

Mwongozo huu ni wa mtu anayelipwa kati ya dirhamu 1,500 na 3,000 kwa mwezi: mlinzi, keshia, mhudumu wa hoteli, msafishaji, kijana anayepeleka chakula kwa pikipiki. Hapo ndipo walipo wengi wetu tunaosikilizana kwa Kiswahili huku, kuanzia watu wa Mombasa na Kisumu hadi Tanga, Kampala na Bujumbura.

Mshahara wa Dubai haukatwi kodi ya mapato. Ukiandikiwa 2,000, unapokea 2,000. Hata hivyo nimeona watu wakimaliza mkataba wa miaka miwili na kuondoka na masanduku ya zawadi na deni juu, na wengine wa chumba hicho hicho, mshahara huo huo, wakaondoka na kiwanja kilicholipwa chote. Nimekaa na makundi yote mawili, nimepika nao na kulala nao chumba kimoja. Tofauti yao huanzia kwenye mambo manne: mkataba, kitanda, sufuria, na simu inayopigwa kutoka nyumbani. Hilo la nne ndilo linalokula pesa kuliko yote, na ndilo watu wanaloona haya kulizungumza, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Hatua ya 1: Angalia mshahara wa msingi kabla hujapanda ndege

Wakala atakwambia "mshahara dirhamu 2,000", na hapo hapo utaanza kuzidisha kwa shilingi. Ngoja kwanza. Omba barua ya ofa utafute mstari mmoja tu, ule wa mshahara wa msingi. Kampuni nyingi huigawa 2,000 vipande vipande: msingi 1,000, posho ya nyumba 500, usafiri 300, mengineyo 200. Kila mwezi utapokea 2,000 ile ile, lakini mambo mawili makubwa huhesabiwa kwa msingi peke yake.

La kwanza ni saa za ziada. Sheria ya kazi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamtaka mwajiri aongeze asilimia 25 juu ya malipo ya msingi kwa kila saa ya ziada, na asilimia 50 ikiwa saa hiyo iko kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri. Nyongeza hiyo ya usiku haiwahusu wanaofanya kazi kwa zamu. La pili ni kiinua mgongo. Ukishatimiza mwaka mmoja, una haki ya mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata.

Piga hesabu mwenyewe. Mwenye msingi wa 1,000 anapata dirhamu 700 kwa mwaka. Mwenye msingi wa 1,600 anapata 1,120, ingawa wote wawili wanaitwa watu wa 2,000. Kwa mkataba wa miaka miwili tofauti ni dirhamu 840, na hapo hujahesabu saa za ziada hata moja. Ukiwa na ofa mbili zinazolingana kwa jumla, chukua yenye msingi mkubwa.

Kisha uliza nani analipia kitanda, nani analipia usafiri wa kazini, na kama kampuni inalisha. Ofa ya 1,500 yenye kitanda, basi la kampuni na chakula inaweza kukuachia zaidi kuliko ofa ya 2,300 unayojitegemea kwa kila kitu. Gharama za visa na za kuajiriwa ni za mwajiri kisheria, hana ruhusa ya kukukata mshahara kuzifidia. Pasipoti yako ikae kwako. Usikubali kuja kufanya kazi kwa visa ya matembezi kwa ahadi kwamba "tutabadilisha ukifika": ukikamatwa unafanya kazi na visa hiyo utarudishwa, na ukipitisha muda wake faini ni dirhamu 50 kwa kila siku. Mkenya ahakikishe wakala yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mtanzania aulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Dada zetu wanaofanya kazi za majumbani wana sheria yao nyingine, ya mwaka 2022, kwa hiyo wasizichukue hesabu hizi za kiinua mgongo kama zilivyo.

Hatua ya 2: Njoo na pesa ya mwezi mmoja na nusu

Utafanya kazi mwezi mzima kabla ya kuona mshahara, na kampuni nyingine hukuunganisha na malipo ya mwezi unaofuata. Asiyekuja na chochote hukopa chumbani, na deni la chumbani hulipwa kwa mshahara wa kwanza ambao nyumbani nao wanausubiri. Kama ulikopa ili uje, orodhesha kila uliyempa ahadi na kila anayekudai, uanze na deni lenye riba. Nyumbani uwaambie mapema, kabla ya kuondoka, kwamba miezi mitatu ya kwanza watarajie kidogo.

Hatua ya 3: Kitanda

Kama kampuni haikupi malazi, utakodi bedispesi, yaani kitanda kimoja ndani ya chumba cha watu wanne, sita au zaidi. Wengi wetu tuko Deira, Satwa, Al Qusais, International City, na ng'ambo ya pili kule Sharjah.

Nenda ukakione chumba jioni watu wakiwa wamerudi kazini, kwa sababu mchana kila chumba ni kitulivu. Hesabu vichwa kwa kila choo na kwa kila jiko. Uliza kama maji, umeme na Wi-Fi vimo ndani ya kodi. Halafu inua godoro. Washa tochi ya simu, umulike mshono wa pembeni na pale mbao za kitanda zinapokutana. Ukiona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, au maganda madogo ya rangi ya kahawia, hao ni kunguni. Toka, hata kama kodi ni nafuu. Ukiingia na kunguni utanunua dawa, utatupa godoro, utafua nguo zote, na utakwenda kazini hujalala.

Angalia pia kuta. Chumba kilichokatwa kwa mbao au jipsamu ni hatari moto ukitokea, na manispaa haikiruhusu. Katikati ya mwaka 2025 walipita mitaa ya Al Rigga, Al Muraqqabat, Satwa, Al Barsha na Al Raffa wakiziondoa partisheni hizo, na watu wakajikuta wanatafuta pa kulala haraka haraka. Mwenye chumba akikataa kukuandikia risiti ya amana, usimpe amana.

Kuhusu Sharjah, nitasema wazi. Kitanda cha kule ni rahisi, lakini nauli ya basi kuja Dubai ni kama dirhamu 12 kwa njia moja. Kwenda na kurudi ni 24, na kwa siku 26 za kazi ni 624. Hapo hujahesabu foleni ya barabara ya Al Ittihad, inayoweza kula saa mbili za usingizi wako kila siku. Kama kazi yako iko Dubai na kampuni haina basi, kitanda cha Deira cha dirhamu 700 ni rahisi kuliko cha Sharjah cha 400.

Hatua ya 4: Nauli

Mabasi na metro hulipiwa kwa kadi ya nol. Kadi ya kawaida hukata dirhamu 3 ukisafiri ndani ya ukanda mmoja, 5 ukigusa kanda mbili, na 7.50 zaidi ya hapo. Pasi ya mwezi ni 140 kwa ukanda mmoja, 230 kwa kanda mbili, na 350 kwa zote. Anayekwenda kazini siku 26 kupitia kanda mbili anatumia 260 akilipa safari moja moja, kwa hiyo pasi inamwokolea 30, na siku ya mapumziko anatembea bure ndani ya kanda hizo. Ukishuka kwenye metro na kupanda basi ndani ya dakika 30, ni safari moja hiyo, usiogope.

Faini ndizo zinazoumiza. Kula, kunywa au kutafuna ubani ndani ya metro ni dirhamu 100. Kuingia behewa la daraja la dhahabu kwa kadi ya kawaida ni 100. Kuvuka barabara pasipo kivuko ni 400, na wageni wa kutoka kwetu ndiyo huwapata sana, maana tumezoea kuvuka popote gari linapopungua.

Hatua ya 5: Sufuria

Sahani ya biriani kwenye mkahawa mdogo wa Kihindi au Kipakistani ni kama dirhamu 14. Sahani mbili kwa siku, siku 30, ni 840. Watu wanne wanaopika pamoja hula vizuri kwa mchango wa 300 kila mmoja. Hiyo 540 ya tofauti ndiyo akiba ya kwanza ya mtu yeyote hapa, na haihitaji kuomba nyongeza kwa mudiri.

Namna inavyofanya kazi vizuri ni hivi. Watu wanne, wasizidi watano, wenye ladha zinazokaribiana na wanaokula au kutokula vitu vile vile. Pesa hukusanywa siku ya mshahara, yote, kabla mtu hajaenda popote. Mmoja anashika pesa na daftari kwa mwezi mmoja, kisha anampisha mwingine. Vitu vikubwa hununuliwa mara moja kwa mwezi: gunia la mchele, unga, maharagwe makavu, dengu, choroko, mafuta, vitunguu, trei za mayai, kuku wa barafu. Mboga hununuliwa kila wiki. Unga wa ugali utaupata kwenye maduka ya Waafrika mitaa ya Naif. Ukishazijua njia zako, utagundua duka la jumla la mtaani lina bei nzuri kuliko ile supamaketi ya kwenye mola.

Maharagwe yaloweke usiku, uyachemshe mengi siku ya mapumziko jiko likiwa tupu, uyagawe kwenye vibakuli na kuyagandisha. Jiko la pamoja hugombaniwa saa mbili hadi saa nne usiku, na mtu aliyechoka akikuta foleni ya watu watatu kwenye jiko ndipo anaposhuka kununua biriani. Ukiwa na kibakuli cha maharagwe kwenye friza, unahitaji dakika kumi tu za kuunga. Kiandike jina lako.

Samaki wako soko la Waterfront, Deira. Sisi wa Pwani hatupotei pale: nguru ukimwulizia sema kanaad, changu sema sheri. Nunua mzima, uwalipe wa kusafisha, mgawane. Kwa maji, chukua chupa kubwa inayorudishwa kwa ajili ya chumba, na ukiwa njiani jaza chupa yako kwenye mabomba ya bure ambayo jiji limeyaweka kwenye bustani na fukwe tangu 2022. Mwezi wa Ramadhani misikiti mingi hufuturisha watu bure, hakuna anayekuuliza unatoka wapi, na saa za kazi hupungua mbili kwa siku. Waislamu wengi huku huweka akiba yao kubwa ya mwaka mwezi huo.

Hatua ya 6: Mambo madogo yasikuumize

Kupiga simu kwa WhatsApp hapa hakufanyi kazi. Ujumbe unakwenda, sauti haiendi. Watu wa nyumbani wawekewe Botim, programu ya kupiga simu inayoruhusiwa huku, kabla hujaondoka, mfundishe na mama namna ya kupokea. Usitumie VPN kukwepa kizuizi hicho, sheria yake ni kali. Lipia ile bima ya kupoteza kazi: ni dirhamu 5 kwa mwezi kwa mwenye msingi usiozidi 16,000, na asiyejiandikisha faini yake ni 400. Bima ya afya ya Dubai analipa mwajiri, na kwenye mpango wa msingi wewe huchangia asilimia 20 ya matibabu ya kwenda na kurudi. Jino linalouma na kifua kisichopona vitibiwe mapema, visije vikafika mahali pa kukulaza kitandani.

Hatua ya 7: Gawa mshahara siku ile ile

Chukua mfano wa anayelipwa 2,500 na kujitegemea. Kitanda 700, chakula na mengineyo ya jikoni 450, nauli 230, simu na Wi-Fi 75, sabuni, nywele na dawa 95. Jumla 1,550. Zimebaki 950. Hapo tenga 400 akiba yako, 450 nyumbani, 100 mfuko wa dharura. Namba zako zitakuwa nyingine, lakini mpango ni huu: akiba itoke kwanza, siku ya mshahara, kabla ya ujumbe wowote kujibiwa. Ukisema utaweka kitakachobaki, hakibaki.

Pesa ya akiba isikae kwenye kadi ya mshahara unayonunulia chai. Ukifungua akaunti ya benki uliza kuhusu salio la chini. Benki nyingi zinataka dirhamu 3,000, na likipungua hukata ada kila mwezi.

Hatua ya 8: Simu kutoka nyumbani

Sasa tufike kwenye lenyewe. Hakuna anayekuja huku kwa ajili yake peke yake. Ada ya mdogo wako, dawa za baba, paa la mama, vyote vimo ndani ya ile pasipoti. Kumwambia mtu asitume nyumbani ni kumwambia asiwe mtu. Kinachomaliza watu ni kutuma bila kiwango wala tarehe: elfu mbili leo, tano keshokutwa, tatu usiku wa Ijumaa, na mwisho wa mwezi si wewe wala mama anayeweza kusema kiasi gani kimekwenda na kimefanya nini.

Weka kiwango kimoja na tarehe moja, uwaambie wote kwa pamoja. Chagua mtu mmoja nyumbani wa kupokea, na anayeomba apitie kwake. Kaka mkubwa akichukia mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu atakuwa amezoea.

Ombi likija katikati ya mwezi, usinyamaze na usikatae kwa ukali. Jibu kwa tarehe. Mama anapokwambia paa linavuja, unaweza kumjibu hivi:

"Shikamoo mama. Pesa ya mwezi huu niliituma tarehe 3, elfu kumi na tano. Habari ya paa nimeipata na nimeiweka moyoni. Tarehe 3 ijayo nitaongeza elfu tatu za mabati, na mwezi unaofuata elfu tatu nyingine. Mwambie kaka akaulize bei dukani anitumie karatasi ya bei, mimi nitalipa dukani moja kwa moja."

Ujumbe wa namna hiyo unampa mama heshima yake na jibu la kweli. Wazazi wengi, wakishaona tarehe inatimizwa, huacha kuomba katikati. Wanachoogopa ni kwamba ukinyamaza umewasahau.

Ugonjwa na msiba ni mambo mengine, havingoji tarehe. Ndiyo kazi ya ule mfuko wa dirhamu 100. Baada ya miezi kumi una 1,000, na kwa Mkenya hizo ni kama shilingi 35,000. Pesa ya hospitali ilipwe hospitalini, kwenye namba ya hospitali. Na kabla dharura haijafika, walipie wazazi bima ya afya. Kenya, tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoipisha SHA, mchango wa chini kwa kaya isiyo na ajira rasmi ni shilingi 300 kwa mwezi, hulipwa wa mwaka mzima kwa pamoja: 3,600, kama dirhamu 103. Tanzania ulizia NHIF ya kwenu. Kwa maoni yangu hakuna pesa ya kutuma nyumbani inayokuokolea zaidi ya hii.

Michango ya harusi na harambee ina tatizo lake. Sheria ya Falme za Kiarabu inakataza mtu binafsi kuchangisha umma, na faini yake hufika laki kadhaa za dirhamu. Usianzishe kundi la kuchangisha ukiwa huku wala kutangaza namba ya kuchangia mtandaoni. Msiba ukitokea, kila mtu atume kwa wafiwa mwenyewe.

Hatua ya 9: Kutuma bila kunyonywa

Dirhamu imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, tangu 1997. Hiyo inakurahisishia kazi. Tazama dola inauzwaje kwenye benki kuu ya kwenu, gawanya kwa 3.6725, utapata bei halisi ya dirhamu. Kwa mfano dola ikiwa shilingi 129 za Kenya, dirhamu ni 35.13. Duka la kubadilisha fedha likikupa 34.60, kwenye kila dirhamu 1,000 umepoteza kama shilingi 526, hata kama wameandika mlangoni kwamba hawatozi ada.

Kwa hiyo uliza swali moja tu kila mahali: nikikupa dirhamu 500 sasa hivi, zitaingia shilingi ngapi kwenye simu ya mama? Ada na bei vyote vimo ndani ya jibu hilo. Na tuma mara moja. Ada ikiwa dirhamu 20, anayetuma mara tatu kwa mwezi analipa 60. Kwa mwaka amewapa 480 zaidi ya mwenzake, na juu ya ada kuna VAT ya asilimia 5.

Usitume pesa za mtu mwingine kwa kitambulisho chako, hata awe rafiki wa chumba. Zikija kuulizwa, jina litakalosomwa ni lako.

Hatua ya 10: Akiba iwekwe wapi

Ukipenda ibaki huku, kampuni ya akiba ya National Bonds inapokea kuanzia dirhamu 100 na imeundwa kwa kufuata sharia ya Kiislamu. Mkenya ana hatifungani za serikali, anazonunua kwa simu kupitia programu ya DhowCSD ya Benki Kuu, na ana SACCO zenye leseni ya SASRA, mamlaka inayozisimamia. Mtanzania ana mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS na hatifungani za Benki Kuu. Yote haya ni bora kuliko kumpa binamu "azungushe".

Upatu wa chumbani nauunga mkono ukiwa mdogo: watu mnaofanya kazi kampuni moja, mshahara siku moja, mzunguko usiozidi miezi sita, zamu zimeandikwa. Watu hapa hufukuzwa kazi na kuondoka ndani ya wiki, na mwenye zamu ya mwisho ndiye anayebaki mikono mitupu. Mkopo wa benki unaopigiwa simu kushawishiwa uuchukue, ukatae. Deni lisilolipwa linaweza kukuzuia uwanja wa ndege.

Ukitaka kiwanja, usitume pesa kabla ya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Tanzania pitia pia serikali ya mtaa. Anayekuwakilisha apewe hati ya uwakilishi inayotaja kiwanja hicho tu, iliyopitia ubalozini. Kenya na Tanzania zote zina ubalozi Abu Dhabi na ubalozi mdogo Dubai. Ujenzi ulipe kwa hatua, saruji na mabati ukilipa dukani, fundi akilipwa baada ya kukutumia video ya kazi ya hatua iliyopita. Ndugu mwaminifu hataona vibaya. Utamwondolea jaribu la kushika pesa nyingi kijijini ambako kila mtu anajua anazo.

Hatua ya 11: Siku ya kuondoka

Anza miezi mitatu kabla. Toa taarifa kwa maandishi kwa muda uliotajwa kwenye mkataba. Piga hesabu yako mwenyewe ya kiinua mgongo na siku za likizo ambazo hukuzitumia, uiandike kwenye karatasi, uipeleke ofisini ukilinganisha na yao. Mwajiri anatakiwa kukulipa haki zako zote ndani ya siku 14 baada ya mkataba kwisha, na akupe cheti cha uzoefu bila malipo ukikiomba. Dai amana ya kitanda ukiwa bado una funguo.

Kisha kuna karatasi ya kufuta visa. Mara nyingi ndani yake kuna sentensi kwamba umepokea haki zako zote. Watu husaini wakiwa wamesimama, begi mkononi, kwa sababu tiketi ni ya jioni ile. Isome yote, au mpe mtu anayejua akusomee, na usiweke saini mpaka pesa zionekane kwenye akaunti au uzihesabu mkononi. Wakigoma, fungua malalamiko kwenye programu ya simu ya wizara ya kazi, MOHRE. Madai yasiyozidi dirhamu 50,000 wizara yenyewe ina mamlaka ya kuyaamua. Weka nakala ya mkataba, hati za mshahara na ile barua ya ofa ya kwanza kwenye barua pepe yako, sio kwenye simu tu, ili uzipate hata ukiwa umeshafika nyumbani.